Doti Moja ya Kanga

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka mingi niliufundisha msemo huu darasani bila kuutilia shaka yoyote. Siku hizi, nikiwa nimevuka umri wa miaka 70 na nafasi ya kutafakari ninayo, siukubali moja kwa moja. Nimewahi kuishi katika wakati ambapo kizuri hakikujiuza kwa sababu hakikuwapo, na kibaya hakikuwa na haja ya kujitembeza kwa sababu watu walipanga foleni kukifuata. Tena, jambo ambalo ni zito zaidi kwangu, mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama mlangoni pa duka, na orodha ya majina mkononi.

Mawazo haya hunirudia kila mwezi niendapo mnadani. Mnada wetu, kama minada mingi ya Mkoa wa Dodoma, ulianza kuwa mahali pa kuuzia ng'ombe na mbuzi. Mtu akishauza ng'ombe huwa na fedha mfukoni, na penye fedha mchuuzi hakosi. Basi wachuuzi wakaanza kuifuata minada kwa tarehe zake, leo hapa, keshokutwa kijiji cha pili, magari yao yamesheheni marobota ya nguo, sufuria, ndoo na viatu. Asubuhi bei huwa juu. Ikifika saa tisa alasiri, mchuuzi huanza kulitazama gari lake na kufikiria kazi ya kufunga mizigo upya. Hapo sauti hubadilika, na bei nazo hushuka. Wanakijiji wanaoujua mnada hufika asubuhi kutazama, na kununua saa hiyo ya alasiri.

Mimi huenda kutazama kanga. Huzisoma, huzigeuza, huuliza bei, na mara moja moja hununua doti moja nikaipeleka nyumbani. Mwalimu mwenzangu mstaafu alinikuta siku moja nimeinama juu ya lundo la kanga miongoni mwa akina mama, akaniuliza kwa mzaha, "Mwalimu, pensheni imekwisha au kazi ndiyo imekosekana?" Nilicheka, ila sikumjibu. Makala haya ndiyo jibu langu kwake.

Nianze na maneno mawili ambayo husikika mnadani kila dakika: doti na mtumba. Kijana wa leo anajua kwamba doti ni kanga mbili zilizounganika, na kwamba mtumba ni nguo iliyokwisha kuvaliwa na watu wengine, aghalabu wa Ulaya au Marekani. Lakini maneno yote mawili ni makongwe kuliko kanga na kuliko nguo hizo kuukuu. Katika karne ya 19, mtumba ulikuwa furushi la nguo mpya lililofungwa kwa ajili ya bega la mpagazi. Uzito wake ulikaribia ratili 70, yaani kilo 32 hivi. Doti nayo ilikuwa kipimo: shuka mbili za yadi mbili mbili, jumla yadi nne. Ndani ya mtumba mlikuwa na doti za merikani, ile bafta nyeupe isiyotiwa rangi, ambayo jina lake lilitokana na nchi iliyokuwa ikiifuma. Palikuwa pia na kaniki, nguo ya buluu iliyokaribia weusi, kutoka India.

Mizigo hiyo ilipita hapa hapa kwetu. Mpwapwa ilikuwa kituo mashuhuri cha misafara iliyotoka Bagamoyo na pwani kwa jumla kwenda Unyanyembe na Ujiji. Wapagazi walipumzika, wakanywa maji na kununua chakula, kwa kuwa mbele yao palikuwa na nyika ya Marenga Mkali isiyokuwa na maji ya kutumainiwa. Ng'ambo ya nyika hiyo ilianza Ugogo, na watemi wa Ugogo walidai hongo. Hongo ililipwa kwa nguo, na iliweza kujadiliwa kwa siku kadhaa.

Nilipokuwa kijana nafundisha somo la historia, nilieleza biashara hiyo kama nilivyoelezwa mimi: kwamba babu zetu walidanganywa kwa shanga na vitambaa. Sikusema uongo mtupu. Misafara hiyo ilirudi pwani na pembe za ndovu na watu waliotekwa, na dhuluma ya jambo hilo haifutiki. Lakini kuna upande ambao sikuufundisha, kwa kuwa nilikuwa sijausoma. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita Mpwapwa akienda kumtafuta David Livingstone. Katika kitabu alichokichapisha mwaka uliofuata, anaeleza jinsi alivyohangaika Unguja kabla ya safari, akijaribu kujua ni shanga za rangi gani zinunuliwe. Aligundua kwamba ushanga mweusi ulipokelewa Ugogo, lakini kwa makabila mengine haukuwa na thamani hata kidogo. Mweupe ulipendwa Ufipa na ukadharauliwa Uzigua. Msafiri aliyekosea kuchagua alibeba mzigo usioweza kumnunulia hata kibaba cha mtama.

Ndugu msomaji, hebu tulifikirie jambo hilo. Tajiri alikuwa Unguja. Kiwanda kilikuwa Marekani, au India, au Ulaya. Wapagazi walitembea wiki nyingi. Na mwisho wa safari yote hiyo, mama mmoja wa Ugogo, aliyekaa mlangoni pa tembe lake, aliutazama ushanga na kusema, "Huu siutaki." Neno lake hilo lilirudi mpaka pwani, likavuka bahari, na safari iliyofuata ukaletwa ule anaoutaka. Je, huyo ni mtu aliyedanganywa? Naona ni mtu aliyekuwa na jicho lake na aliyejua kulitumia. Hakuwa na fedha nyingi wala hakwenda shule, lakini alijua kipi kinapendeza na kipi hakipendezi, na dunia ya wafanyabiashara ililazimika kumsikiliza.

Kanga ilizaliwa kutokana na jicho la namna hiyo. Inasimuliwa kwamba akina mama wa Unguja na Mombasa, katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, walikuwa wakinunua leso, vile vitambaa vya mraba vilivyoletwa madukani katika jora moja bila kukatwa. Badala ya kununua kimoja kimoja, walikata sita kwa pamoja, wakavishona vitatu juu na vitatu chini, wakapata vazi ambalo hakuna kiwanda kilichokuwa kimelifikiria. Wafanyabiashara walipoona hivyo, waliagiza nguo nzima iliyochapwa kwa mpango huo. Za mwanzo zilikuwa na madoadoa kama ya ndege kanga, na kwa mujibu wa wengi ndiko jina lilikotoka. Huko Mombasa mpaka leo wako wanaoiita leso.

Wakati huo huo utumwa ulikuwa unakufa. Huko Unguja ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1897. Merikani na kaniki zilikuwa nguo za watumwa, na wanawake walioachwa huru walizitupa, wakajifunga kanga za rangi. Hawakuwa na mali. Wengi wao walifua nguo za watu, waliuza maandazi, walilima mashamba ya wengine. Lakini kanga ilikuwa nguo ambayo bei yake fukara aliweza kuipigania, na aliyejifunga kanga nzuri alikuwa ametangaza barabarani, bila kusema neno, kwamba yeye si mtumwa wa mtu.

Maneno yalikuja baadaye kidogo. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyefahamika kwa jina la Abdulla na ambaye duka lake lilianza mwaka 1887, hutajwa kuwa ndiye aliyeeneza desturi ya kuchapa methali na misemo juu ya kanga. Hapo mwanzo maneno hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha yakaja kwa herufi za Kirumi. Basi kanga ikakamilika kama tunavyoijua: pindo linalozunguka pande zote nne, mji katikati, na jina chini ya mji. Ni picha na ni maandishi. Huchapwa kwa maelfu na kuuzwa kwa bei ya chini, lakini kila mnunuzi huichagua kana kwamba imetengenezwa kwa ajili yake peke yake.

Sasa nifike pale ambapo nisingependa kufika.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Taifa lilidhamiria kufuma nguo zake lenyewe. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968, na palikuwa na vingine Mwanza, Arusha na kwingineko. Tulijivuna, na tulistahili kujivuna. Kanga iliyotokana na pamba ya Usukuma, ikafumwa na kuchapwa na vijana wetu, ilikuwa jambo la fahari. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa, na mahali pake yakawekwa maduka ya kijiji. Nia ilikuwa kumwondolea mkulima unyonyaji. Lakini ugawaji ulikuwa dhaifu, bei ya mafuta ilipanda duniani, kisha vikaja vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya themanini, viwanda vilikosa vipuri na rangi, na rafu za duka la kijiji zilibaki na vumbi, viberiti na majembe machache.

Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha wilaya hii. Kwa kuwa nilijua kuandika vizuri na kutunza hesabu, nilifanywa katibu wa kamati ya duka. Mwaka 1982 tuliletewa kanga, doti ishirini, kwa kijiji chenye kaya zaidi ya mia tatu. Bei ya serikali ilikuwa ndogo sana, sehemu tu ya ile ambayo walanguzi walidai gizani. Tukaamua kupiga kura. Nilichana karatasi za daftari, nikaandika namba, nikazikunja na kuzitia katika kofia. Kanga zilikuwa za aina mbili, kumi za aina hii na kumi za aina ile, na ili pasiwe na upendeleo kila doti ilipewa namba yake. Namba utakayookota ndiyo kanga yako.

Mama mmoja, ambaye mtoto wake nilikuwa nikimfundisha darasa la tano, aliokota namba. Watu walimpigia makofi, maana alikuwa amefiwa na mumewe wiki sita tu zilizopita na kila mtu alimhurumia. Nikamkabidhi doti yake. Ilikuwa na maua makubwa ya rangi ya chungwa, na jina lake lilisema: RAHA TUPU NYUMBANI KWANGU.

Mama huyo alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima, kile kilichoenea nchi nzima katika miaka ya sabini. Aliyasoma maneno hayo polepole, midomo ikicheza. Kisha akanijia kwa adabu, akapiga goti kidogo kama ilivyo desturi, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Naomba nibadilishiwe. Yule mwenzangu pale amepata ile nyingine, na tumekubaliana wenyewe."

Nilimjibu, "Mama, nguo ni nguo. Tukianza kubadilisha, hapa patatokea ugomvi. Utaratibu ni utaratibu."

Hakubishana. Alisema, "Ahsante, Mwalimu," akaikunja kanga yake na kuondoka. Jumapili iliyofuata nilimwona akitoka kanisani. Alikuwa amejifunga kanga hiyo, maana hakuwa na nguo nyingine ya kutokea, lakini alikuwa ameigeuza. Upande wa ndani ulikuwa nje, maua yamefifia, na maandishi yalisomeka kinyume, kama yaonekanavyo katika kioo. Mke wangu alimtazama, kisha akanitazama mimi. Tulipofika nyumbani aliniambia, "Mwalimu, mmempa nguo, lakini mmemnyima kuvaa." Nilimjibu kwa hasira, nikasema kwamba yeye hajui uzito wa uongozi. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu.

Mwaka 1983 ilikuja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na hofu ikaongezeka pande zote. Katika bajeti ya mwaka 1984, serikali iliruhusu watu wenye fedha za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Mwaka 1985 Rais Ali Hassan Mwinyi alishika madaraka, na watu wakampa jina la Mzee Rukhsa. Kidogo kidogo mnada ulijaa. Mwaka 1986, kama kumbukumbu yangu haijanichezea, nilimwona tena mama yule. Alikuwa ameuza kuku na kidebe cha karanga, na alikuwa amesimama mbele ya turubai lililotandazwa kanga.

Nilisimama kando, chini ya mbuyu, nikamtazama kwa muda wa saa nzima. Alichukua ya kwanza, akaisoma jina, akaitazama pindo, akairudisha. Akachukua ya pili. Nyingine aliiweka begani mwa binti yake, akarudi nyuma hatua tatu, akatikisa kichwa. Mchuuzi alianza kuchoka, akamwambia, "Mama, chagua basi, zote nzuri." Naye akamjibu, "Kama zote nzuri, nipe bure." Watu wakacheka. Mwisho akaiona moja ya rangi ya damu ya mzee, yenye korosho pembeni. Uchapaji wake ulikuwa na kasoro: rangi nyeusi ilikuwa imepita mpaka wake upande mmoja. Alimwonyesha mchuuzi kasoro hiyo kwa kidole, mahali pote ilipojitokeza, bila haraka. Bei ikashuka, ikashuka tena. Alipolipa, aliniona. Aliinyosha kanga mbele yangu nisome. Jina lake lilikuwa WEMA HAUOZI.

Sijui kama alinikusudia mimi. Nimejiuliza swali hilo mara nyingi. Inawezekana alinisamehe, inawezekana alinisuta, na inawezekana pia alifurahia tu nguo yake mpya. Ndiyo tabia ya kanga: aliyeivaa anaweza kusema kila kitu na kukana kila kitu.

Tangu siku hiyo nilianza kuutazama mnada kwa jicho jingine. Tumezoea kudhani kwamba sanaa ni kitu cha makumbusho, cha watalii, cha watu walioshiba. Tunawaambia wanafunzi wetu kwamba mwanakijiji anahitaji kwanza chakula, dawa na maji. Ni kweli anavihitaji. Lakini historia ya njia hii ya misafara inaonyesha kwamba hajawahi kungoja ashibe ndipo apende kizuri. Alichagua rangi ya ushanga akiwa na njaa. Mama yule alikuwa mjane mwenye watoto, na bado alitumia saa nzima kutafuta pindo linalomridhisha. Saa ile hakuipoteza. Katika siku zake zote za mwezi, za kulima, kuchota maji na kupika yaliyopo, hiyo ilikuwa saa moja ambayo alisema hapana mara ishirini, na kila hapana yake ikaheshimiwa.

Na bei nafuu ndiyo iliyoiwezesha saa hiyo. Kanga ingekuwa ya bei ya dhahabu, angeitazama kwa mbali tu. Ingekuwa ya kugawiwa bure, angepokea aliyopewa na kushukuru. Pale katikati, kwenye bei ambayo mtu wa kuku na karanga anaweza kuishindania mpaka ikashuka, ndipo alipopata kuwa mnunuzi na mhakiki kwa wakati mmoja.

Baadaye nilihamishiwa chuo cha ualimu, na nilistaafu nikiwa mkuu wa chuo. Huko nililipeleka somo hili darasani. Vitabu vya picha vilikuwa haba, na sisi walimu tulihimizwa kufaragua zana za kufundishia kutokana na vitu vya mahali tulipo. Niliwaagiza wanachuo warudipo kutoka likizo kila mmoja aje na kanga moja, ya kuazima kwa mama au bibi, au ya kununua mnadani kwa bei ya chini kabisa. Tulizitundika kwenye kamba kuta zote nne. Zilikuwapo zenye picha za viongozi, zenye maadhimisho ya sikukuu za Taifa, zenye matangazo ya chanjo, zenye methali, na zenye masuto ya mke mwenza ambayo wanachuo waliyasoma kwa vicheko. Tulizipanga kwa umri kadiri tulivyoweza, tukaangalia zilipochapwa: India, Japani, China, Dar es Salaam. Historia ya nusu karne ya biashara ilikuwa imening'inia mbele yetu. Mwalimu wa hisabati aliziazima kufundishia ulinganifu wa maumbo, na mwalimu wa Kiswahili kufundishia methali. Gharama yote haikufikia bei ya kitabu kimoja.

Lakini sitakuwa mkweli nikiishia hapo, kwa sababu bei nafuu ina upande wake wa pili, na upande huo uliingia nyumbani kwetu. Mdogo wangu wa kuzaliwa alikuwa fundi wa kuchapa rangi katika kiwanda kimoja cha nguo. Yeye ndiye aliyenifundisha kutambua rangi iliyopita mpaka wake. Nguo za nje zilipofurika, mpya na kuukuu, kiwanda chao kilishindwa kushindana. Kwanza walipunguza zamu, kisha mishahara ikachelewa, kisha siku moja lango halikufunguliwa. Alirudi kijijini na mikono yenye madoa ya buluu yasiyotoka kuchani, na kwa muda mrefu hakutaka kukanyaga mnadani. Siku moja nilimwonyesha kanga niliyonunua kwa bei ya kutupa. Aliipapasa, akaiinua juani, akasema, "Kaka, hii ni nafuu kwako." Hakuongeza neno.

Jambo hili si la familia yetu peke yake. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo za mitumba hatua kwa hatua ili kufufua viwanda vya kwetu. Marekani ilipinga. Rwanda iliendelea na kodi kubwa iliyokuwa imeiweka, na mwaka 2018 ilisimamishiwa nafasi ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Nchi nyingine zililegeza msimamo. Kwa hiyo mtumba ungalipo mnadani, na swali la mdogo wangu lingalipo pia: nafuu ni ya nani?

Sina dawa ya swali hilo, na mzee anayejidai ana dawa ya kila kitu huwa hasikilizwi. Ila nimejifunza jambo moja ambalo ningependa vijana wanaopanga mambo ya nchi walizingatie. Tulipojenga viwanda, tulihesabu mita za nguo. Tulikuwa na hesabu ya kaya, ya pamba, ya mashine. Hatukumhesabu mama anayesoma jina la kanga na kuirudisha. Tulidhani kwamba mtu maskini anahitaji nguo tu, na mimi nilimwambia hivyo ana kwa ana. Atakayefufua viwanda hivyo, nami naomba nifike kuiona siku hiyo, aende kwanza mnadani saa tisa alasiri, asimame chini ya mti, aangalie zipi zinachukuliwa na zipi zinarudishwa turubaini. Wafanyabiashara wa Unguja wa mwaka 1871 walilijua hilo bila shahada yoyote.

Mdogo wangu sasa huja nami mnadani. Hununua mara chache, lakini wachuuzi wamemjua, na wengine humwita awaangalizie marobota kabla hawajayafungua. Yeye hutazama rangi, mimi husoma majina. Mwezi uliopita niliokota moja iliyochapwa vizuri sana, pindo la korosho, mji mweupe, maneno mazuri. Nikataka kumnunulia mke wangu, nikatoa fedha. Kisha nikazirudisha mfukoni. Nilimwambia mchuuzi aniwekee, nikarudi nyumbani nikamleta mwenyewe achague.

Hakuichukua ile.